Kipeuo cha Sita cha Sitini na Nne

Kiponda, Mji Mkongwe
23 Februari 2025

Shangazi yangu Salhiya,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Uroa, wewe na mama mkwe wako Bi Zuleikha, ambaye naomba umfikishie shikamoo yake ya peke yake. Sisi hatujambo. Baba anakohoa kwa sababu jirani anabomoa ukuta na vumbi lote linaingia kwetu. Mama anakusalimu na anasema ukihitaji nguo nyengine nyeupe umwambie mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Paka wa ngazini amezaa ndani ya kikapu cha nguo za kupiga pasi na sasa hakuna anayethubutu kupiga pasi.

Naandika kwa sababu umezima simu. Baba alisema mwanamke aliyefiwa na mume, akiwa ndani ya eda, ana haki ya kuzima simu, na tusikusumbue. Lakini Hamad wa gari la samaki, anayeshusha mzigo Mwanakwerekwe kila asubuhi, alimwambia Mama kuwa yeye hupita mlangoni kwenu kila siku na kwamba barua haina mlio. Ndipo nikapata wazo.

Baba pia amenikataza nisikuulize jambo moja mpaka utoke eda. Kwa hivyo sikuulizi. Nakuarifu tu kuwa anayetushikia somo la hesabu sasa ni Maalim Ubwa wa jiografia. Ni mtu mwema. Mtu akimuuliza swali husema, "Hilo zuri sana, liandikeni," nasi tunaliandika. Mpaka sasa tuna maswali mengi mazuri. Bahiya, ambaye bado nakaa naye dawati moja, anasema tukimaliza mwaka tutaweza kuyauza.

Nataka kukuuliza hesabu. Ni ile uliyoiacha ubaoni asubuhi ile ulipoitwa mlangoni. Uliandika kipeuo cha tatu cha x², mara kipeuo cha pili cha x, ukatia alama ya sawasawa, ukatoka. Hakuna aliyeifuta kwa wiki nzima. Maalim Ubwa alikuwa akiandika pembeni yake. Najua ulitaka tuondoe alama za vipeuo na badala yake tutumie vipeo vya sehemu, lakini hukufika hapo. Nimejaribu peke yangu, nimekwama.

Ukiona si wakati wake, usijibu, nami sitauliza tena.

Mwanao,
Rawiya


Uroa
2 Machi 2025

Rawiya mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, zinanuka samaki changu, lakini zimefika. Bi Zuleikha kaipokea shikamoo yake na kauliza kwa nini wajukuu wa dada yake hawana adabu kama hiyo. Sasa wajukuu hao hawakupendi. Mfungo tumeuanza salama. Mwambie baba yako anywe tangawizi akifuturu na aache kujifanya hasikii kikohozi chake.

Mimi sijambo. Nyumba ina watu wengi. Wanakuja asubuhi, wanaondoka baada ya alasiri, wengine wanalala hapa hapa. Kabla ya mfungo nilisema chai haina sukari, ikatiwa sukari. Nikasema imezidi, ikamwagwa na ikapikwa nyengine. Sijapata kukubaliwa namna hii maishani mwangu.

Hesabu yako. Kipeuo kiandike kama kipeo cha sehemu. Namba ya kipeuo inakaa chini, namba ya kipeo inakaa juu. Basi kipeuo cha tatu cha x² ni x yenye kipeo cha theluthi mbili. Kipeuo cha pili cha x ni x yenye kipeo cha nusu. Ukizidisha x kwa x, vipeo vinajumlishwa, na hapo unafanya kazi uliyofundishwa darasa la nne: theluthi mbili ni nne ya sita, nusu ni tatu ya sita, jumla ni saba ya sita. Sita ya sita ni moja kamili, inatoka nje kama x. Moja ya sita inabaki ndani, na hiyo ni kipeuo cha sita. Jibu ni x mara kipeuo cha sita cha x.

Usiniamini tu. Tia 64 mahali pa x, uone kama pande mbili zinalingana.

Jengine. Sehemu hizi ni sehemu kama nyengine, zinapunguzwa. Ukikuta kipeuo cha sita cha x², hiyo ni mbili ya sita, yaani theluthi moja, yaani kipeuo cha tatu cha x. Ni hivyo siku zote. Wengi wenu mnasahau kupunguza na mnapoteza alama.

Hilo ulilokatazwa, mtii baba yako.

Shangazi yako,
Salhiya


Kiponda
9 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na mfungo uwe mwepesi kwenu. Baba kanywa tangawizi na kakasirika kwamba imemsaidia. Watoto wa paka wamefumbua macho. Mama kanunua pasi ya pili ili asigombane na mama yao.

Nimetia 64. Kipeuo cha tatu cha 64 kwa kipeo cha pili ni 16, kipeuo cha pili ni 8, zidisha unapata 128. Upande wa pili, 64 mara kipeuo cha sita cha 64, ambacho ni 2, unapata 128 pia. Nilifurahi sana. Niliinakili ubaoni wakati wa mapumziko, kabla watu hawajarudi darasani. Bahiya aliingia akaiona, akasema, "Nani kashushiwa wahyi kutoka mbinguni?" Nikamwambia ni ticha Salhiya. Akauliza, "Kwani anarudi lini?" Nikamwambia nimekatazwa kuuliza. Akasema, "Wewe umekatazwa, mimi sijakatazwa," lakini hana anuani yako.

Shangazi, kuna msichana amehamia darasani kwetu kutoka skuli moja ya Ng'ambo. Anaitwa Tabia, humjui. Nilimwonesha ile ya kupunguza sehemu, naye akajaribu kutia hasi 8 mahali pa x. Anasema hasi 8 kwa kipeo cha pili ni 64, na kipeuo cha sita cha 64 ni 2. Lakini akipunguza kwanza, kama ulivyosema, anapata kipeuo cha tatu cha hasi 8, ambacho ni hasi 2. Anasema hesabu ni moja na majibu ni mawili.

Mimi nilimwambia labda kakosea mahali. Nimeona nikuulize tu, ili nimpelekee jibu.

Mwanao,
Rawiya


Uroa
27 Machi 2025

Rawiya mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako ilikaa chini ya kiti cha Hamad kwa muda, kasema alidhani ni risiti ya barafu. Sote wazima. Nyanya ni ghali na futari ni zile zile.

Wageni wamepungua kidogo, waliobaki ni wale wenye nguvu. Jana nilikuwa nikisema hesabu kwa sauti peke yangu, na Bi Zuleikha alinisikia. Akaniambia, "Salhiya, huyo eksi ni mtu gani, kila siku anatafutwa na haonekani?" Nikamwambia ni namba isiyojulikana. Akasema, "Basi kama hajulikani mwacheni apumzike, keshatafutwa vya kutosha." Wale wageni wote wakasema kweli, kweli.

Mwambie huyo Tabia kakosea. Hesabu moja haiwezi kuwa na majibu mawili. Mbili ya sita na theluthi moja ni kitu kimoja, hata mtoto anayekata mkate anajua. Arudie kazi yake taratibu, atazame alama zake. Watoto wanaohamia hupenda kuonesha kuwa walikotoka walisoma zaidi.

Nikimaliza na wewe mada hii sitaki unitumie hesabu nyengine mpaka Iddi ipite. Macho yangu yanachoka.

Shangazi yako,
Salhiya


Kiponda
6 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Iddi imepita salama. Nilishonewa gauni la kijani ambalo Mama anasema ni la bluu. Kwenye viwanja vya sikukuu nilikwenda kuwapeleka watoto wa jirani tu, nimekuwa mkubwa kwa mabembea, ingawa mwenye bembea hakuniuliza umri. Baba kapona. Mama anafikiria kuja kukutazama mvua zikipungua. Atakuletea visheti.

Ahsante kwa maelezo. Nimefahamu. Nimemwambia Tabia na yeye amekubali.

Skulini hatujambo. Maalim Ubwa ameanza mada ya duara, kwa sababu anasema inafanana na dunia.

Sitakutumia hesabu.

Mwanao,
Rawiya


Uroa
11 Mei 2025

Rawiya,

Sote wazima. Masika yametoboa paa la jikoni. Habari za nyumbani zimekwisha.

Mama yako alikuja, akakaa, tukazungumza. Nikamuuliza, "Huyo Tabia aliyehamia darasani kwa akina Rawiya ni mtoto wa nani? Ana akili ila mbishi." Mama yako akasema, "Tabia yupi? Darasa lile halijahamiwa na mtu tangu mwaka uanze." Nikaona haya kwa niaba yako. Nikageuza maneno, nikasifu visheti.

Alipoondoka nikakaa kukuandikia barua ya kukugombeza. Nilitaka kwanza nioneshe hatua kwa hatua pale Tabia wako alipokosea, halafu nije kwenye uongo. Nikaandika hasi 8. Nikaipa kipeo cha pili, 64. Nikatafuta kipeuo cha sita. Mbili. Nikapita njia ya kupunguza. Hasi mbili. Nikachukua karatasi nyengine, kwa sababu ile ya kwanza nilidhani ina kasoro. Bi Zuleikha akaniuliza mbona nimeinuka. Nikamwambia nimekosea hesabu. Akasema, "Aa, wewe hukukosea, mwanangu, hizo namba ndizo mbaya." Na mgeni mmoja akaitikia kutoka barazani, bila ya kujua tunazungumza nini, "Kweli kabisa."

Hivi ndivyo ilivyo. Namba hasi ukiipa kipeo cha pili, ile alama ya hasi inakufa hapo hapo. Kipeuo cha sita hakina habari nayo, kinakupa namba chanya. Lakini ukipunguza sehemu kabla ya kukokotoa, kile kipeo cha pili kinatoweka, na alama ya hasi inapita salama mpaka mwisho. Ndiyo maana majibu ni mawili. Mbili ya sita inapunguzwa pale tu unapojua kuwa x si hasi. Si siku zote. Neno hilo la "siku zote" nimelisema kwa kila kidato nilichofundisha na hakuna aliyenyanyua mkono.

Uongo wako nimeuweka pembeni. Nataka kujua kitu kimoja. Nilipokujibu kuwa Tabia kakosea, wewe ulijua kuwa yuko sahihi?

Salhiya


Kiponda
15 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai paa limezibwa. Kwetu maji yaliingia mpaka ngazi ya tatu, na paka na watoto wake wamehamia juu kwenye kabati la Baba, ndani ya kanzu zake. Baba anasema kikohozi kinarudi, Mama anasema ni manyoya. Bei ya mchele imepanda Darajani. Bahiya kavunja miwani yake na anasoma na ya bibi yake, kwa hivyo anaona mbali sana na hauoni ubao.

Ahsante kwa maelezo ya namba hasi. Yamenisaidia. Nisalimie Bi Zuleikha.

Mwanao,
Rawiya


Uroa
18 Mei 2025

Rawiya,

Barua yako ina paka, ina kikohozi, ina mchele na miwani. Haina jibu. Soma swali tena.

Salhiya


Kiponda
25 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Nilijua. Nilijua tangu nilipotia hasi 8, kwa sababu ni mimi niliyeitia. Nilikuwa nimefurahi kwamba 64 imekubali, nikataka kuona kama na nyengine zitakubali. Nilipopata majibu mawili nilidhani nimekosea, nikarudia mpaka penseli ikaisha ncha. Kisha nikaona kuwa kilichokosewa ni lile neno "siku zote", na neno hilo lilikuwa lako.

Sikujua namna ya kulisema. Wewe ni shangazi yangu. Wewe ni ticha. Tena uko ndani ya eda, na kila mtu hapa nyumbani akitaja jina lako anapunguza sauti. Nikamtia Tabia. Nilifikiri, kama nimekosea mimi, basi kakosea yeye. Na kama niko sahihi, wewe utaona mwenyewe na hakuna atakayekuwa amekukosoa. Ulipojibu kuwa kakosea, nilisoma barua yako nikaona hukukokotoa hata mstari mmoja. Hilo lilinishtua kuliko jibu lenyewe. Darasani hukuwahi kumwambia mtu kakosea bila ya kumwonesha wapi.

Nikaandika kuwa nimefahamu, kwa sababu niliogopa nikiendelea utachoka na sisi na hutarudi.

Nshalitaja lile nililokatazwa, basi nilimalizie. Shangazi, ukitoka eda utarudi kutufundisha? Mtihani wa mwisho ni mwakani. Wasichana wanne wameshasema wataacha mchepuo wa sayansi, na Bahiya ni wa tano ingawa anajificha. Mimi sitaacha, lakini sitaki kubaki peke yangu na maswali mazuri. Nakuomba urudi. Sijawahi kukuomba kitu. Hata kalamu yako nyekundu niliyoipenda sikuiomba.

Baba akijua nimeuliza atakasirika. Ukitaka, mwambie.

Rawiya


Uroa
19 Juni 2025

Rawiya mwanangu,

Marahaba ya barua zote mbili. Nimechelewa kwa sababu nilitaka nitoke eda kwanza ndipo nijibu.

Nimetoka. Walikuja wanawake wa mtaa mzima. Wamenikogesha, wamenivisha nguo ya rangi, wametia udi mpaka macho yakaniwasha, na Bi Zuleikha kanisuka mwenyewe, nywele zikakazwa hadi nyusi zikapanda. Nikamwambia, "Mama, umekaza." Akasema, "Ndiyo nimekaza, nawe usitikisike." Nikacheka. Wote wakanitazama, halafu na wao wakacheka.

Sikumwambia baba yako kuwa umeuliza. Alikukataza kwa sababu yeye alishajua. Wiki ile ile ya msiba nilimwambia kuwa siingii tena darasani, skuli yoyote, maisha. Akasema sawa. Nikamwambia Bi Zuleikha, akasema sawa, mwanangu. Kila niliyemwambia alisema sawa.

Sababu yake sikumwambia mtu. Asubuhi ile mume wangu Mbarouk alinipigia simu. Alikuwa peke yake nyumbani huku, mama yake katoka, kifua kinambana. Simu yangu ilikuwa ofisini ndani ya mtoto wa meza, kwa sababu ndiyo sheria yetu na mimi ndiye niliyeipigania sheria ile. Mimi nilikuwa ubaoni nawaandikieni vipeuo. Nilipoitwa mlangoni jirani alikuwa ameshamfikia, na alikuwa amechelewa. Wewe ulipoandika kuniuliza hesabu ile ile, niliiweka barua yako chini ya mto siku kadhaa. Kisha nikajibu, kwa sababu uliuliza vizuri.

Ile ya hasi 8 sikuikokotoa, umeona sawasawa. Nilikuwa nimezoea kukubaliwa. Kitu cha kwanza kilichonikatalia tangu Februari kilikuja ndani ya gari la samaki, nami nikakirudisha kilikotoka kwa jina la mtoto asiyekuwepo. Siku nilipopata mbili na hasi mbili nilikasirika, na katika hasira ile nikakuta nimekaa na karatasi tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na sikuwa nimefikiria kitu chengine. Nikajua kuwa nilimdanganya baba yako. Kazi hii siwezi kuiacha.

Sasa jibu. Nimeomba kurudi kazini, na nimekubaliwa. Lakini sirudi kwenu. Nimeomba skuli ya huku. Bi Zuleikha alikuwa na mtoto mmoja, na hawezi ngazi za Mji. Na mimi siwezi kusimama kwenye ubao ule nikitazama mlango ule. Labda baadaye. Si sasa. Najua hili silo ulilolitaka. Sikutaka kukuzungusha.

Nimemwandikia mkuu wa skuli kuwa mnahitaji mwalimu wa hesabu, si mtu wa kushikilia nafasi. Kaahidi. Waambie wenzako lile la kupunguza sehemu, kabla halijawagharimu. Kila Jumamosi asubuhi nasomesha wasichana wa hapa barazani. Wachache tu, na wawili wanakuja kwa ajili ya maandazi.

Kalamu nyekundu ungeiomba ningekupa.

Shangazi yako,
Salhiya


Kiponda
25 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na hongera ya kutoka eda. Bi Zuleikha mpe mkono wangu.

Barua yako nimeisoma, na la Mbarouk nimelielewa. Nilikuwa sijui, wala sitamwambia mtu. Nilikupenda kabla ya kusoma mistari ile na nakupenda vile vile baada yake.

Lakini jibu lako silikubali. Ungeweza kuomba chumba chengine. Vipo vya ghorofani, milango yake iko nyuma ya wanafunzi, mwalimu haitazami akiandika. Ungeweza kutuuliza sisi kabla ya kuomba Uroa, kama ambavyo ulikuwa ukituuliza kabla ya kufuta ubao. La Bi Zuleikha ni haki yake na sina la kusema. Lile la mlango ndilo silikubali. Nimelifikiria siku zote hizi na bado silikubali, na naona bora ulijue kuliko kukuandikia kuwa nimefahamu.

La kupunguza sehemu nimewaambia. Nilimwomba ruhusa Maalim Ubwa, akanipa chaki. Nilianza kwa sauti ndogo. Bahiya akapiga kelele kutoka dawatini, "Ticha, sauti! Huku nyuma tunakuona mdomo tu!" Wakacheka wote, nami nikaanza upya kwa nguvu zaidi. Nikawatilia hasi 8. Maalim Ubwa hakusema tuliandike. Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi akalikokotoa, akapata hasi 2, akamtazama jirani yake ambaye alipata 2, wakaanza kubishana. Kengele ililia bado wanabishana. Wale wasichana wanne sijui kama watabaki. Bahiya anasema atabaki mpaka ajue nani kashinda.

Jumamosi hii Hamad akishamaliza kushusha mzigo anarudi Uroa na gari tupu. Mimi nitakuwemo. Mama atanisindikiza, anasema anataka ngisi wa asubuhi, lakini najua anataka kukuona umevaa rangi. Baba nshamwambia. Akaniuliza kama nina nauli. Wiki itakayofuata ntakuja tena, na ile nyengine, mpaka mtihani.

Sikuombi ruhusa, shangazi. Nakuarifu. Ntakaa mstari wa mbele, na ukikosea ntanyanyua mkono pale pale, mbele ya wenzangu wa Uroa, niseme wapi.

Mwanao,
Rawiya